Barua Iliyopigwa Mnada

Kwa Bibi Raheli, kitu cha kwanza hakiliwi. Kabichi ya kwanza ya msimu, yai la kwanza la kila mtetea, debe la kwanza la viazi, kikapu cha kwanza cha mapeasi kutoka kwenye mti ulio nyuma ya jiko, vyote hupelekwa kanisani Jumapili. Huwekwa mbele ya madhabahu, na ibada ikiisha hunadiwa pale nje. Wanunuzi ni watu waliolima vya kwao vizuri tu, ila wakasahau kuvileta. Bibi Raheli huita limbuko. Sisi wengine pia tunaita limbuko. Tofauti ni kwamba sisi tunaleta kabichi iliyokwisha kuonjwa na wadudu.

Anakaa Kwemtindi, kitongoji kilicho mgongoni mwa mlima, mwendo wa saa moja kwa miguu kabla ya kufika Mtae. Ana miaka sabini na mbili na hajui kusoma. Kaka zake walipelekwa shule, yeye akapelekwa kisimani. Jioni baba yao alipowakaririsha wavulana Katekisimu, Raheli alikuwa upande wa pili wa ukuta akimenya ndizi, akayashika yote, wavulana wakayasahau yote. Siku ya kipaimara alijibu kila swali bila kukosea. Mchungaji alipofurahi na kumpa kitabu cha nyimbo asome, alikishika kichwa chini miguu juu akaimba beti zote sita. Mchungaji akaitikia amina. Zamani wachungaji walikuwa na adabu.

Mume alishafariki. Binti yake, Modesta, anachuma chai Bulwa na huonekana Krismasi, akikosa Krismasi huonekana Pasaka. Mtoto wa Modesta, Loveness, analelewa na bibi. Nilimfundisha Kiswahili alipokuwa darasa la sita. Ni mtoto mkimya, mwenye mwandiko mzuri na maswali machache lakini mabaya.

Mwaka huo shule moja ya kulipia ya Dar es Salaam, ile aina ya shule yenye nyasi zisizokanyagwa, iligundua kwamba watoto wake wameharibiwa na simu. Dawa yake ikaonekana ni sisi. Mkurugenzi alituandikia kwamba watoto wake wangeandikiana barua za karatasi na watoto wetu, ili wa mjini waone maisha halisi na wa kijijini wapanuke mawazo. Sikuwa na habari kwamba mawazo ya watoto wetu yalikuwa yamebanwa, lakini nilikubali. Urafiki huo ulikuwa na fulana zake na ulikuwa na masharti yake. Mtoto asiyejibu kwa siku kumi na nne, rafiki yake angepewa mwingine. Barua zote zikaguliwe na mwalimu kabla ya kufungwa. Na majibu yatakayopendeza yangesomwa paredi, mbele ya shule yao nzima. Ndivyo watu wa mjini wanavyoelewa neno urafiki.

Barua thelathini na mbili zilipanda mlima ndani ya kiroba cha mchele, juu ya basi. Nilizigawa Ijumaa. Watoto thelathini na mmoja walichana bahasha palepale. Loveness aliificha yake ndani ya sweta, akaenda nayo nyumbani ili aifungue na bibi yake. Yalikuwa mapenzi, na yalimponza.

"Umepata wapi?" Bibi akamuuliza.

"Nimeandikiwa, bibi. Imetoka Dar."

"Ulishawahi kupata nyingine?"

"Hapana. Hii ndiyo ya kwanza."

"Basi," akasema Bibi Raheli, akanyoosha mkono.

Katika nyumba ile hakukuwahi kuingia barua, ukiacha wito wa mahakama ya mwanzo wa mwaka 1988 uliohusu mbuzi. Bibi aliipangusa bahasha kwa kanga, akaiweka juu ya kabati pamoja na mayai ya Jumapili. Loveness alilia. Bibi alimwambia kwamba hata yeye alililia peasi la kwanza alipokuwa mdogo, na mti haujaacha kuzaa hadi leo.

Jumapili barua ikanadiwa. Ilikuja baada ya jogoo na kabla ya mkungu wa ndizi.

"Barua!" katibu wa kanisa alipaza sauti, ameishika juu kwa vidole viwili. "Imetoka Dar es Salaam! Haijafunguliwa! Nani anaanza?"

Watu walicheka, kisha wakaanza kupandishiana, maana hakuna kinachowafanya watu wapandishe bei kama kitu cha mwingine kilichofungwa. Nami nilikuwepo. Nilikuwa na miwa yangu miwili niliyoinunua, nikafikiri ni jambo dogo, nikanyamaza. Ninaliandika hapa ili nisije nikajifanya nawasema wengine tu.

Aliyeshinda ni Mzee Kristian. Ni mzee wa kanisa, ni mwenye duka, ni mwenyekiti wa kamati ya shule, na kama kungekuwa na cheo cha kusimamia mvua angekuwa nacho. Akaitia barua kwenye mfuko wa koti, akaupiga mfuko mara mbili kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Loveness alimfuata hadi kwenye ngazi za kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba niisome tu. Nitakurudishia hapahapa."

"Mjukuu wangu, kitu cha mnada hakirudi nyuma. Ungetaka, ungepandisha dau." Na wazee wenzake wakacheka, kwa sababu hakuna kichekesho kizuri kama mtoto wa miaka kumi na miwili asiye na kitu.

Bibi Raheli alimvuta kwa mkono. "Ukishampa Mungu, hukimbizi nyuma kama kuku," akamwambia. Alikuwa na hakika. Na alikuwa amekosea, lakini angalau alikosea kwa gharama yake na ya nyumba yake. Wengi wetu tunapokosea huwa tumeshaandaa mtu wa kulipa.

Kuanzia Jumatatu, duka la Mzee Kristian likawa na kivutio. Kila akija mteja wa sukari au wa mafuta ya taa, mzee alivaa miwani, akatoa barua, akasoma kwa sauti ileile anayosomea taarifa ya kamati. Wateja waliketi juu ya magunia na kutoa maoni.

Na Bibi Raheli akaishiwa chumvi. Aliishiwa Jumatatu, akaishiwa Jumanne, akaishiwa tena Jumatano asubuhi na mchana. Wiki ile nyumba ile ilinunua chumvi ya kulamba ng'ombe wa tarafa nzima. Alisimama pembeni kabisa, amejifunika kanga, kama mtu asiyesikiliza. Mungu alikuwa amepewa karatasi, ndivyo alivyojitetea baadaye kwangu, lakini maneno hewani hayakuwa yamenunuliwa na mtu.

Jumatano jioni alimketisha Loveness jikoni, akamwambia achukue kalamu na daftari. Kisha, macho ameyafumba, akamwimbia barua nzima kama alivyokuwa akiimba Amri Kumi nyuma ya ukuta wa baba yake:

"Kwa rafiki yangu Loveness. Naitwa Rahma, nina miaka kumi na miwili. Hii siyo ile barua aliyoisahihisha mwalimu, ile nimeichana, hii nimeiandika ndani ya gari la shule ndiyo maana herufi zinaruka. Tuliambiwa tuandike kuhusu burudani zetu lakini mimi sina. Naishi kwa shangazi, Tabata. Shangazi ana paka anayenichukia. Mama yangu yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, anapiga simu Ijumaa lakini mara nyingine hapigi. Na wewe uniambie la kwako, ili tuwe sawa. Mama yako yuko wapi? Ni kweli kwamba huko mawingu yako chini yenu? Nijibu upesi. Rafiki yako, Rahma."

Loveness aliandika yote. Kisha akatazama alichoandika, akauliza mojawapo ya maswali yake mabaya.

"Bibi, anasema na mimi nimwambie la kwangu ili tuwe sawa. La kwake liko wapi?"

"Lipi?"

"Hajasema lolote. Kuna kitu hapo kati."

Bibi Raheli alifumba macho tena. "Mzee akifika hapo," akasema, "kidole chake kinashuka mistari miwili na mdomo umefumbwa. Kila mara. Nilidhani anameza mate."

Mpaka hapo ilikuwa tu habari ya mtoto aliyekosa karatasi. Lakini Mzee Kristian hakuwa ameridhika na kuisoma. Kwa kuwa aliinunua, aliona ni wajibu wake kuijibu. Alhamisi mchana alinionyesha majibu hayo dukani kwake, tayari yamegongwa mhuri wa kamati. Yalianza hivi: "Kwa mwanafunzi Rahma. Kupitia kwa Mkurugenzi wa Shule. YAH: MAJIBU YA BARUA YAKO ISIYO NA KUMBUKUMBU NAMBA. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Uongozi umepokea kwa masikitiko taarifa ya mama yako kuwa mtumishi wa ndani huko Muscat. Tunakuombea wewe na watoto wote wa aina yako." Yalikuwa kurasa tatu. Aya ya mwisho iliomba mabati ya jiko la shule.

"Hii itasomwa paredi," akaniambia, amefurahi.

"Mzee, aliyeandikiwa ni Loveness. Si haki wewe kumjibia."

"Mwalimu, kuna kifungu kinachokataza?"

Kifungu hakikuwepo. Nimesoma stashahada yangu yote na sikumbuki kifungu kinachosema usifungue moyo wa mtoto wa mwenzio dukani. Waliotunga sheria labda walidhani jambo hilo halihitaji kuandikwa. Akaniambia kwamba bahasha yake haitapita kwangu, ataikabidhi mwenyewe kwa kondakta wa basi la kesho alfajiri.

Tulikuwa tungali tumesimama hivyo Bibi Raheli alipoingia, amemshika Loveness mkono.

"Onga mshi, mgosi," akamsalimia mzee kwa lugha ya kwetu.

"Karibu, Bibi. Chumvi?"

"Nina chumvi. Nataka barua."

Watu kwenye magunia wakasogea. Mzee Kristian akavaa miwani kwa furaha, akatoa karatasi, akaanza. "Kwa rafiki yangu Loveness..." Bibi alimwacha asome. Alikuwa akitikisa midomo pamoja naye, neno kwa neno. Walipofika kwenye kazi za ndani na simu ya Ijumaa, kidole cha mzee kikaanza kuteremka.

"Simama hapo," Bibi akasema. "Usitoe kidole."

"Bibi, nina wateja."

"Usitoe kidole, Kristian. Nimekubeba mgongoni wewe. Loveness, soma hapo kwenye kidole cha mzee."

Loveness alisogea. Alisoma taratibu, kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo: "Shuleni nimewaambia mama yangu ni rubani wa ndege. Wakijua..." Akanyamaza. Kisha akamalizia kimoyomoyo, na alipoinua kichwa uso ulikuwa umebadilika. "Bibi, amesema nisimwambie mtu yeyote. Amesema hii ni yangu peke yangu."

Wale waliokuwa wametoa maoni kwa siku nne kuhusu mama wa Muscat waligundua kwa pamoja kwamba vyakula viko jikoni.

"Mimi nilifupisha tu," akasema Mzee Kristian.

"Kwa hiyo ulijua," akasema Bibi Raheli.

"Bibi, niliinunua kwa haki. Mbele ya kanisa. Uliitoa wewe kwa mkono wako."

"Ndiyo. Niliitoa." Bibi alishika ukingo wa meza. Nilimwona akihesabu ndani ya kichwa chake, si fedha, bali zile Amri, moja baada ya nyingine, akitafuta aliyoivunja, na nikamwona anaifikia. "Nilimpelekea Mungu kitu kisichokuwa changu. Hakikuwa hata cha mtoto huyu cha kumpa mtu. Siri ya mtu ni ya mwenyewe. Kumpa Mungu cha mwenzio si limbuko. Ni wizi."

"Usikuze mambo, Bibi."

"Sikuzi. Jumapili nitasimama mbele ya watu niseme niliiba. Ndivyo tulivyofundishwa." Akamtazama. "Sijui mtu aliyenunua mali ya wizi yeye husimama upande gani. Wewe ni mzee wa kanisa, utatuambia."

Nimekaa na wasomi wengi na nimehudhuria semina nyingi za maadili, zile zenye chai na sambusa, lakini sijapata kuona dhamiri ya mtu ikiamka kwa kasi ile. Mzee Kristian alikunja barua, akainyoosha, akaikunja tena, akamnyooshea Bibi. Bibi aliirudisha mikono nyuma.

"Si yangu. Mpe mwenyewe."

Akampa Loveness. Alimpa bila kumtazama.

"Na ile ya mhuri," akasema Bibi.

"Ile ni ya kamati!"

"Ina jina la mama wa yule mtoto na kazi yake?"

Mzee Kristian aliichana mwenyewe, kurasa zote tatu. Mpaka leo jiko la shule halina mabati, na katika vikao vya kamati mimi na Bibi Raheli ndio tunaotajwa kuwa chanzo.

Sasa msomaji mwangalifu ataniuliza: na wewe, mwalimu, unayepiga kelele kuhusu siri, mbona umetuandikia yote? Nilikuwa nikimsubiri. Majina nimeyabadilisha, na mji aliko mama yule si huo nilioutaja. Rahma mwenyewe yuko sekondari sasa. Alishawaambia wenzake ukweli kwa mdomo wake, siku aliyoichagua yeye, na ameniruhusu kwa barua. Loveness naye ameniruhusu. Mzee Kristian sikumwomba ruhusa.

Ijumaa ile Loveness aliniletea jibu lake, bahasha imefungwa kwa gundi ya ngano hadi kwenye kona. Masharti yalinitaka niikague. Pale kwenye fomu penye nafasi ya sahihi ya mkaguzi niliandika: "Haikukaguliwa. Imefungwa na mwenyewe." Mkurugenzi hakufurahi. Ninajua, kwa sababu aliniandikia, na barua yake ilikuwa imefunguliwa na watu watatu kabla ya kunifikia.

Alichoandika Loveness sikijui. Ninachojua ni kwamba aliniuliza, "Mwalimu, nikimwambia kwamba watu wa dukani walisikia, ataacha kuwa rafiki yangu?" Nikamwambia huenda ataacha. Akauliza, "Nisipomwambia?" Nikamwambia, "Atakuwa rafiki wa mtu mwingine mwenye jina lako." Aliondoka amenuna. Ushauri mzuri huwa na matokeo hayo.

Jumapili, baada ya matangazo, Bibi Raheli alisimama. Mzee Kristian, aliyedhani kwamba kurudisha karatasi kumemaliza yote, alianza kutafuta wimbo ambao haukuwa umetajwa. Bibi hakumgusa hata kwa neno. Alisema alichotenda yeye, kwa sentensi nne, akaketi. Alikuwa ameleta mtetea badala ya barua ile. Mnadani Mzee Kristian alimnunua mtetea yule kwa bei ambayo ingetosha kununua banda, bila mtu yeyote kumpandishia.

Wiki zikapita. Basi lilileta barua za wengine, nyingi zikiwa zimenakiliwa ubaoni: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako. Zilipendeza sana na zilisomwa paredi kwetu pia. Za Loveness hazikuja. Kila Ijumaa alisimama mlangoni mwa ofisi, nikatikisa kichwa, akaondoka. Nyumbani Bibi hakuuliza, ila aliacha kuimba alipokuwa akipalilia, na kwa mtu wa aina yake huko ni kupiga kelele.

Wiki ya saba ikaja bahasha moja, imebandikwa utepe mara tatu kuizunguka na kupigwa pini nne. Hata jini angehitaji koleo. Sikusubiri kengele. Niliipeleka mwenyewe, nikamkuta Bibi Raheli anachambua maharage kizingitini na Loveness anafua.

Mtoto aliiona. Alifuta mikono kwenye sketi, akaishika, akamtazama bibi yake, akangoja.

"Ni ya pili," akasema Bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mungu ameshapata yake. Nenda."

Loveness alipotelea nyuma ya jiko, kwenye mti wa mapeasi. Tulisikia pini zikitoka, moja moja. Bibi aliendelea kuchambua, ila nilimwona anatupa maharage mazima na kubakiza mawe. Halafu kukatoka kicheko, kifupi, cha mtu anayejizuia, kisha cha pili ambacho hakikuzuiwa.

Aliporudi, karatasi ilikuwa haionekani, iko ndani ya sweta.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Amesema nisimwambie mtu yeyote."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, bibi. Amekutaja."

Bibi Raheli alifikiria hilo. Aliutikisa ungo mara mbili, akapuliza makapi.

"Mtoto mwenye akili," akasema. "Kamalizie kufua."